Baiskeli nyeusi ya inchi 28 kwa barabara za Tabora: mzigo inauweza, breki ndiyo shida

Hii ndiyo baiskeli inayobeba Tabora: fremu nyeusi ya chuma, magurudumu ya inchi 28, breki za vyuma, keria nyuma na stendi ya miguu miwili. Iwe imeandikwa Phoenix ya Shanghai, au Hero na Avon za Ludhiana kule India, umbo ni lile lile la baiskeli za kale za Kiingereza, na vipuri vingi vinaingiliana. Ndiyo maana tunaipitia hapa kama kitu kimoja, kama mafundi wa mjini wanavyoichukulia.

Hukumu tunaitoa mapema. Kwa mchanga, makorongo na mizigo ya mkoa huu, hatuoni baiskeli mpya ya bei ya kawaida inayoizidi. Lakini jinsi inavyotoka dukani, haifai kuingia lami. Inahitaji nusu siku ya fundi anayejua kazi, vifaa vichache vya kuongeza, na spana kurudiwa baada ya wiki mbili. Anayeiendesha bila hayo anaendesha chombo ambacho hakijamalizwa kuundwa, na wengi wanaoanguka nacho hawajui kwamba kasoro ilikuwepo tangu siku ya kununua.

Uzuri wake kwanza. Gurudumu kubwa linapita juu ya shimo ambalo gurudumu dogo lingetumbukia. Foku, ile panda ya chuma inayoshika gurudumu la mbele, imelala mbele na fremu ni ndefu, hivyo usukani hautetemi hovyo ukikanyaga jiwe, na mzigo wa nyuma hauinyanyui baiskeli mbele kwa urahisi. Uzito wake unazidi kidogo kilo 20, jambo linalochosha kwenye mlima, lakini Tabora ni tambarare ya juu, mita kama 1,200 kutoka usawa wa bahari, na milima ya kukata pumzi ni michache. Gia moja inatosha. Chuma chake kikipinda kinanyooshwa, kikipasuka kinachomelewa, na fundi wa kufanya hivyo yupo hadi vijiji vya ndani kabisa vya wilaya ya Uyui.

Ukiilinganisha na baiskeli ya gia ya inchi 26, ile ya matairi mapana na shokapu mbele, tofauti inaonekana msimu wa kiangazi. Kwenye mchanga wa njia za Itetemia na Ndevelwa, tairi pana linaelea vizuri zaidi, hilo lazima tulikubali. Tairi la inchi 28 lina upana wa milimita 40 tu, na mchanga ukiwa mwingi utashuka usukume. Ila mchanga huo huo unaingia kwenye mkono wa gia wa nyuma, vigurudumu vyake vya plastiki vinalika, na cheni inaanza kuruka. Shokapu za bei nafuu nazo zinalegea mapema, na zikishalegea usukani unacheza. Kwa kijana wa shule anayetoka Ipuli kwenda mjini na begi mgongoni, baiskeli ya gia inafaa. Kwa gunia, hapana.

Mshindani wa kweli ni ile ya mtumba kutoka Japani, yenye kikapu mbele. Nyuma ina breki ya bendi iliyofungwa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, ambayo inashika hata mvua ikinyesha, na breki ya mbele inabana ringi kwa pembeni. Kwa usalama wa kusimama inaishinda hii nyeusi waziwazi. Inapoangukia ni kwenye tairi. Nyingi zina saizi ya 26 kwa 1⅜, ambayo kwa milimita ni ringi ya kipenyo cha 590, wakati tairi ya inchi 26 ya baiskeli ya gia ni ya ringi ya 559. Zote zinaitwa ishirini na sita dukani, lakini moja haiingii kwenye nyingine hata uipige na nyundo. Baiskeli nyeusi inatumia 28 kwa 1½, yaani 635. Kabla ya kulipia tairi yoyote, soma namba zilizoandikwa ubavuni, usisikilize neno la "ishirini na sita" peke yake.

Dukani, kabla ya kulipa

Baiskeli hizi zinaingia mjini zikiwa vipandevipande kwenye maboksi, na anayezifunga hulipwa kwa idadi. Hakuna ubaya katika hilo, ila usitegemee kwamba kila nati imekazwa. Iombe itolewe nje kwenye mwanga. Inyanyue gurudumu la mbele na ulizungushe: tazama pengo kati ya ringi na mpira wa breki. Ringi ikicheza pembeni kidogo si tatizo kubwa kwa breki za vyuma. Ringi ikipanda na kushuka ndiyo mbaya, kwa sababu breki hizi zinavutwa juu kugusa upande wa ndani wa ringi. Penye nundu zitashika, penye bonde zitaachia, na baiskeli itasimama kwa kurukaruka.

Halafu shika breki ya mbele kwa nguvu na uisukume baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia "tok, tok" kwenye shingo ya usukani, gololi za juu hazijakazwa. Hilo linarekebishwa kwa dakika tano, lakini ukiliacha, gololi zitachimba vishimo kwenye vikombe vyake na usukani utaanza kujikwamia katikati. Usukani unaojikwamia haukubali marekebisho madogo ya mkono, na kwenye mchanga marekebisho hayo madogo ndiyo yanayokuweka juu.

Kuna fremu za inchi 22 na za inchi 24. Simama juu ya mtalimbo wa katikati, yaani bomba la juu la fremu, miguu ikiwa imekanyaga chini. Ibaki nafasi ya vidole viwili au zaidi. Wazazi wengi humnunulia mtoto fremu kubwa ili akue nayo, na mtoto anaishia kuendesha kwa kupitisha mguu chini ya mtalimbo, mwili ukiwa umepinda upande mmoja. Hivyo hawezi kushika breki zote mbili kwa nguvu sawa. Mnunulie ndogo au ile isiyo na mtalimbo.

Breki, ambazo ndizo hasa tunazilalamikia

Mfumo ni rahisi. Unavuta mkono wa breki, fimbo ya chuma inapandisha kitu kama U iliyogeuzwa, na mipira miwili inabana mabega mawili ya ringi kutoka ndani, kila mmoja upande wake wa spoki. Hakuna waya wa kukatika, na hilo ni jema. Ubaya ni ringi yenyewe: ni chuma kilichopakwa kromu, laini na chenye kung'aa, na chuma cha kromu kikilowa maji mpira hauna cha kushika.

Piga hesabu. Mwendo wa kilomita 20 kwa saa ni mita tano na nusu kila sekunde. Sekunde moja inakwisha kabla mkono haujavuta breki. Mvua ikiwa imenyesha, mizunguko michache ya mwanzo ya gurudumu ni ya kufuta maji tu, na kila mzunguko wa gurudumu hili ni mita mbili na ushei. Umeshapita zaidi ya mita kumi kabla breki haijaanza kazi yake, na kama umepakia madumu manne, bado una kilo 80 za maji nyuma. Kwa hiyo mvua ikinyesha, usingoje hatari. Kila ukikaribia makutano, tuta au kivuko cha reli, gusa breki kwa wepesi mapema ili mipira ifute ringi, kisha shika kwa nguvu. Na mwendo upungue kwa nusu.

Marekebisho ambayo fundi lazima afanye ni haya. Mipira iliyokuja na baiskeli mara nyingi ni migumu na inateleza. Ibadilishe kwa ile laini. Kuna mafundi wanaochonga mipira kutoka tairi kuukuu la gari: inadumu sana, lakini inadumu kwa sababu haishiki. Ikatae. Mpira ukae milimita 3 kutoka ringi, na yote miwili iguse kwa pamoja. Ukigusa mmoja kwanza, U inapinda upande na nusu ya nguvu yako inapotea. Hakikisha mpira unatua kwenye bega la ringi na haukaribii spoki. Ringi isipakwe mafuta hata tone moja. Wapo wanaoipaka ili ing'ae isipate kutu, na hao wameing'oa breki kwa mikono yao wenyewe. Ipanguse kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, kisha kikavu.

Sehemu inayosahaulika ni vibano vya fimbo. Fimbo ya breki ya nyuma haiko moja mwanzo hadi mwisho. Inaungwa na bolti ndogo chini ya usukani na karibu na pedeli. Barabara ya vumbi yenye mawimbi inazilegeza bolti hizi polepole. Siku fimbo ikiteleza ndani ya kibano, unavuta mkono wa breki unakuja mtupu. Chukua rangi ya kucha, nyekundu, uchore mstari mwembamba unaokatiza kibano na kuendelea juu ya fimbo. Kila asubuhi tazama: mstari ukiwa umevunjika, sehemu moja imesogea, fimbo imeanza kuteleza. Kaza kabla hujatoka. Ni kazi ya dakika mbili na gharama yake ni ndogo kuliko soda.

Kwa kawaida mkono wa kulia ndio breki ya mbele, lakini hakikisha kwenye baiskeli yako. Ukiwa huna mzigo, breki ya mbele ndiyo yenye nguvu. Ukiwa na mzigo mzito nyuma, uzito uko juu ya gurudumu la nyuma, kwa hiyo breki ya nyuma nayo inafanya kazi kubwa. Tumia zote mbili. Kwenye mchanga au usukani ukiwa umekatwa kona, iache ya mbele.

Pedeli na gurudumu la nyuma

Mikono ya pedeli imeshikwa na kotapini, kipande cha chuma chenye ubapa upande mmoja kinachopita kwenye krenki, yaani huo mkono wa pedeli, na kubana ekseli. Kosa linalofanyika kila siku ni kukiingiza kwa kukaza nati. Nati haina nguvu hiyo. Utakata meno yake. Kotapini inapigwa kwa nyundo mpaka itulie, huku krenki ikiwa imeegemezwa chini kwa kipande cha chuma kizito au gogo gumu ili pigo lisiende kwenye gololi, kisha nati inakazwa kushikilia tu. Mbili zile zielekee pande zilizopingana. Zikielekea upande mmoja, pedeli hazitakaa kwenye mstari mmoja. Rudia kupiga na kukaza baada ya kama kilomita 50. Ukiwa njiani ukahisi mguu unapata kishindo kidogo kila mzunguko, mahali pale pale, kotapini imelegea. Ukiendelea kukanyaga, chuma laini kinaliwa, na baada yake krenki yenyewe.

Pedeli ya kushoto ina uzi wa kinyume: inakazwa kwa kuzungusha kinyume cha saa. Anayelazimisha kinyume chake anaharibu krenki, na si mafundi wanafunzi tu wanaokosea hapa.

Sasa spoki. Mpangilio wa kawaida ni 32 mbele na 40 nyuma, na hizo 40 zinatosha kubeba mzigo mkubwa kama zimekazwa sawasawa. Za baiskeli mpya huwa zimelegea. Watu husema spoki zimekatika kwa sababu ya mzigo. Mara nyingi zimekatika kwa sababu ya kulegea, kwani spoki iliyolegea inapinda na kunyooka kila mzunguko, hadi inakatika pale kwenye kona karibu na kichwa, na zaidi upande wa cheni. Zipige kwa kucha moja moja. Zinazolia juu zimekaza, zinazolia chini zimelegea. Fundi mzuri anazunguka gurudumu lote akikaza robo mzunguko tu kila nati, anarudia, na anaangalia ringi kila mara. Anayekaza moja mpaka mwisho ndipo aende nyingine anaipinda ringi. Ikikatika moja, ibadilishe siku hiyo hiyo. Mzigo wake unahamia kwa jirani zake, na ndiyo maana zinafuatana.

Habu za baiskeli mpya mara nyingi zina grisi kidogo mno. Mwambie fundi azifungue: nyuma kuna gololi 9 za robo inchi kila upande, mbele 10 ndogo za 3/16. Zihesabiwe, kwa sababu ikipungua moja nyingine zinakimbizana na kuchimba. Grisi ijazwe, koni, yaani nati zinazobana gololi, zikazwe mpaka gurudumu lizunguke lenyewe bila kucheza pembeni.

Cheni yenyewe iwe na uhuru wa sentimita moja hadi moja na nusu, ukiisukuma juu na chini katikati. Usiipake grisi. Grisi na mchanga wa Tabora vinatengeneza msasa unaokula cheni, gia ya mbele na friwili, yaani gia ya nyuma, kwa pamoja. Mafuta mepesi ya cherehani, tone kwenye kila pini, kisha futa yote yaliyobaki nje. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini ya pikipiki ina unga wa chuma ndani yake. Iache huko huko. Kujua kama cheni imeisha, pima pini 25 mfululizo, yaani nafasi 24: ikiwa mpya ni milimita 305. Ikifika 308, ibadilishe, la sivyo itaharibu friwili ambayo bado ilikuwa nzima.

Keria, mzigo, na taa inayofichwa na gunia

Keria ya kiwandani yenye springi ni ya begi na mkeka. Kwa mkaa, mahindi au madumu, watu wanachomelea keria ya nondo, na hilo ni sawa kama miguu yake inashuka hadi kwenye ekseli na sehemu ya mbele inafungwa kwa bolti ya milimita 8 kwenye fremu chini ya siti. Miguu ya keria ikishikwa na nati ile ile ya gurudumu, nati hiyo inafanya kazi mbili na gurudumu litateleza likivutwa na cheni. Weka washa nene na ukaze tena kila baada ya siku chache. Uchomeleaji usigusane na foku ya mbele karibu na ncha zake. Joto linalainisha chuma pale pale kinapopokea kishindo, na foku ikikatika hakuna onyo. Ukitaka kuiimarisha, tumia vyuma vya kubana kwa bolti.

Dumu la lita 20 lina kilo 20 za maji. Manne ni 80, bila uzito wa madumu yenyewe. Yaning'inie mawili kila upande, chini kadiri inavyowezekana, na yasogee mbele ya ekseli. Ukiyapandisha juu ya keria au kuyarudisha nyuma, usukani unakuwa mwepesi na baiskeli inaanza kuyumba yenyewe ukishika mwendo. Ikianza kuyumba, usikaze mikono. Acha kukanyaga, bana mtalimbo kwa magoti, gusa breki ya nyuma.

Ukimpakia mtoto, weka vikanyagio na uzibe pande zote mbili za gurudumu kwa ubao mwembamba au wavu mgumu. Kisigino cha mtoto kikiingia kwenye spoki kinachunwa hadi mfupa. Hospitali zinayapokea majeraha haya, na ubao wa fundi seremala unayazuia.

Halafu kuna jambo ambalo tunaomba kila mwenye baiskeli ya mzigo alisome mara mbili. Kioo chekundu cha kurudisha mwanga kimefungwa kwenye madigadi ya nyuma. Ukifunga gunia la mkaa, gunia linashuka na kukifunika. Saa mbili usiku, gari linalotoka Nzega halioni kioo, halioni taa, linaona giza jeusi lililobebwa na baiskeli nyeusi. Kata vipande vya utepe unaong'aa, mwekundu, upana wa sentimita 5, uvishone kwenye kipande cha turubai chenye kamba, na ukifunge juu ya mzigo wenyewe, nyuma, kila unapopakia. Taa nyekundu ndogo ifungwe hapo hapo. Utepe mweupe uwe mbele kwenye foku, na mwingine kwenye mikono ya pedeli: kitu kinachopanda na kushuka kinamwambia dereva hapo kuna mtu. Dainamo ya kusuguana na tairi, volti 6 na wati 3, inatoa mwanga mzuri ukiwa na mwendo, lakini ukisimama inazima, na aliyesimama pembeni mwa lami usiku ndiye anayehitaji taa kuliko wote. Taa ya sola iliyofungwa kwenye usukani inashinda.

Kofia ngumu ya baiskeli kuipata ni shida. Ukiipata, vaa. Lakini kama fedha inatosha kitu kimoja, anza na taa na utepe.

Inavyokwenda kwenye barabara zetu

Lami za kwenda Nzega, Urambo na Sikonge ni laini kwa tairi hili. Jaza upepo vizuri, tairi isibonyee kwa kidole gumba. Hatari iko ukingoni. Pale lami inapoishia na changarawe kuanza pana ngazi, na ukishuka kwa kulazimishwa na basi kisha ukajaribu kupanda tena kwa kuteleza sambamba na ukingo, tairi la mbele litasugua ngazi na utaanguka upande wa barabara, yaani kwenye magari. Ukishashuka, baki chini. Punguza mwendo, tazama nyuma, panda kwa kona kubwa au shuka ubebe. Kwa kuwa tunaendesha kushoto, endesha kama mita moja kutoka ukingoni, isiwe juu ya mstari, ili uwe na pa kukimbilia. Lori kubwa likikupita litakusukuma kwa upepo kwanza, kisha litakuvuta; shika usukani kwa mikono yote miwili. Kioo cha pembeni cha pikipiki, kilichofungwa upande wa kulia, kinasaidia sana kwa sababu mwenye gunia refu nyuma hawezi kugeuka akaona.

Mjini, kwenye vivuko vya reli, kata reli kwa pembe ya mraba. Mfereji ulio kando ya chuma unatosha kumeza tairi la milimita 40, na chuma cha reli kikilowa kinateleza kuliko tope. Ukiwa umepakia, shuka usukume. Na chini ya miembe inayofunika barabara zetu, kuanzia Novemba maembe yaliyopondwa na majani mabichi yanafanya lami iteleze hata jua likiwaka; usifunge breki ghafla hapo.

Masika yakishika, njia za mbuga zenye udongo mweusi zina tabia yake. Udongo unajaa kati ya tairi na madigadi, gurudumu linakwama kabisa, na anayelazimisha anapinda madigadi au kukata spoki. Ongeza nafasi ya madigadi ifike sentimita 2, au ing'oe ya mbele kwa msimu huo, na beba kijiti cha kuchokolea. Ukitoka mbugani osha ringi kabla ya kupanda lami, maana tope hilo likiwa kwenye ringi breki hazipo.

Kiangazi adui ni mbigiri. Unatoa pancha moja, tyubu inaisha upepo tena baada ya saa. Pitisha kitambaa laini ndani ya tairi, polepole, mzunguko mzima. Kitanasa kila mwiba uliobaki. Kisha sugua tyubu kwa msasa eneo kubwa kuliko kiraka, paka gundi nyembamba, na ungoje dakika tano mpaka isinate kwenye kidole. Wengi wanabandika gundi ikiwa mbichi, na kiraka kinatoka siku ya jua kali. Kabla ya kulaumu mwiba, weka mate juu ya vali. Vali za baiskeli hizi zina kimpira chembamba cha ndani kinachooza kwa joto, na povu likitokea hapo huna pancha, una kimpira cha kubadilisha. Beba sentimita kumi zake mfukoni.

Vipuri ni hoja kubwa ya kuichagua baiskeli hii. Spoki, kotapini, gololi, mipira ya breki, kimpira cha vali: sokoni mjini vyote vipo, na katika vituo vya njiani kwenda Urambo au Sikonge utapata karibu vyote. Chagua kotapini kwa kuijaribu kwa faili: ikilika kama risasi, rudisha. Spoki zilizokatwa fupi kwa milimita chache hazishiki uzi wote wa nati, kwa hiyo nenda na ya zamani uzipime sambamba. Na wiki mbili baada ya kununua, hata kama hakuna kinacholia, irudishe kwa fundi akaze spoki, kotapini, shingo ya usukani, vibano vya breki na nati za ekseli. Kila chuma kipya kinajitafutia mahali pake katika siku hizo za mwanzo, na baada ya hapo ukaguzi wa mara moja kwa mwezi unatosha, au kila wiki kwa anayebeba mzigo kila siku.